Simu Kutoka Mlango Namba Saba

Melini, 4 Machi

Dada Makosa,

Shikamoo. Kabla hujachukua ile kalamu yako nyekundu, jua kwamba naandika nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na meli inayumba. Herufi zikilala ubavu usinilaumu mimi, ilaumu bahari.

Niko mzima, nakula, nalala. Mwambie Mama nimenenepa. Ni uongo, lakini wewe mwambie. Huku wananiita Pini, kwa sababu siku ya kwanza ya kuvaa sare mkanda ulinizunguka mara mbili, na jina likaniganda. Mwenzangu wa zamu wanamwita Tangi. Akipita kwenye ujia, wengine wote tunasubiri apite kwanza. Anakula kwa niaba ya watu watatu na ana roho ya mtoto mchanga.

Umeniuliza kazi yangu hasa ni nini, maana jirani anataka kujua kama napiga mizinga. Mwambie jirani mimi nafunga milango. Haya, cheka umalize. Manowari huku chini imegawanywa vyumba vyumba, na kila chumba kina mlango wa chuma wenye makomeo manane kila upande, nje na ndani. Maji yakiingia chumba kimoja unafunga, yanabaki humo humo, na meli inaendelea kuelea. Usipofunga yanakwenda chumba cha pili, cha tatu, mpaka kwenye injini, na hapo ndiyo basi tena. Mimi na Tangi tunashika milango minne ya upande wa omo, huko mbele, kuanzia namba tano hadi namba nane, pamoja na pampu zake. Kengele ikilia tuna sekunde arobaini. Jana tulimaliza kwa thelathini na moja, na koplo akatabasamu. Wakongwe wanasema hawajawahi kuona meno yake.

Nitumie soksi. Na uandike kirefu, siyo yale mambo yako ya mistari mitatu.

Mdogo wako,
Pini (nimeshalikubali)

Nyumbani, 19 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako ina makosa kumi na moja na nimekusamehe tisa.

Nilipomsomea Mama kwamba serikali inakulisha kwa kufunga milango, alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. "Huyu huyu wangu? Hao wakubwa wake wamemwona kweli?" Miaka ishirini na miwili katika nyumba hii hukuwahi kufunga mlango hata mmoja, wa mbele wala wa choo. Nakumbuka alivyokuwa akikufokea: "Kwani una mkia, unaogopa kuubana?" Sasa anamsimulia kila mtu mtaani kwamba jeshi limeweza alichoshindwa yeye. Anajifanya kuudhika, lakini uso wote unameta.

Kiwandani mambo ni yale yale. Mashine inanguruma, mimi nimeinama juu ya karatasi za majaribio nikiwinda makosa kabla hayajachapwa. Juzi nilikamata kadi za harusi, mia tano, zikiwa zimebaki dakika chache kuingia mashineni: "Mnaalikwa kuwashuhudia vijana wetu wakifuga ndoa." Nikapiga kelele, simamisha! Fundi wa mashine akaniambia, "Mbona iko sawa? Ndoa nayo si inalishwa?" Nilicheka, ila kadi niliisoma upya mara tatu. Herufi moja tu, na watu wazima wawili wangekuwa kichekesho maisha yao yote.

Soksi hizi hapa, jozi nne. Mama kashona jina lako ndani, lile alilokupa yeye. Pini hamjui.

Vita viko wapi? Niambie kweli.

Dada yako

Melini, 2 Aprili

Dada,

Shikamoo. Ukurasa huu msomee Mama. Ukurasa wa pili jisomee mwenyewe, halafu uuchome.

Mama, soksi zimefika na miguu inakushukuru. Tangi alijaribu kuvaa moja, ikapasuka kisigino, na sasa ananisalimia kwa adabu akijua ana kesi. Bahari imetulia. Vita tunavisikia redioni kama nyinyi. Milango nafunga yote, hata ya kabati.

(Ukurasa wa pili.)

Dada, vita haviko redioni. Tunasindikiza meli nne za nafaka, na watu wa huko ziendako wamekuwa wakipimiana unga kwa kikombe tangu mwezi uliopita. Wiki jana manowari iliyotutangulia ilipigwa. Ilizama kwa muda usiotosha kunywa chai, kwa sababu milango ya chini haikufungwa mapema. Tulipita palepale. Sitaki kukueleza tulichokiona.

Naogopa. Kila kengele ikilia, hata ikiwa ni mazoezi. Lakini nimegundua kitu kimoja: mikono yangu haisubiri nimalize kuogopa. Inakwenda yenyewe, mimi naikuta imeshafika kazini. Sikujua kama niko hivyo.

Koplo aliniuliza kama nataka kuhamishiwa ghala la sare, nchi kavu, kwa kuwa mwili wangu ni mdogo. Nikakataa. Pampu ya chumba cha saba imebanwa kwenye pembe ambayo Tangi haingii hata akipakwa mafuta. Nikiondoka mimi, ataingia nani? Mama asijue kwamba niliulizwa. Nakuomba sana.

Mdogo wako,
Pini

Ofisi ya Jeshi la Majini, 21 Aprili

Kwa Mama Mzazi,

Kwa masikitiko makubwa tunakuarifu kwamba mwanao, baharia wa daraja la tatu, alifariki tarehe 14 Aprili baada ya manowari yake kupigwa na kombora la chini ya maji upande wa omo. Manowari, pamoja na mabaharia wengine wote mia moja sitini na watatu, ilifika bandarini. Meli nne za nafaka zilizokuwa chini ya ulinzi wake zilifika pia. Marehemu amezikwa kwa heshima zote katika makaburi ya jeshi.

Inatupasa kukuarifu vilevile kwamba uchunguzi unaendelea. Marehemu alikuwa ndani ya chumba cha pampu, mlango namba saba ukiwa umefungwa. Neno lake la mwisho lililopokelewa kwa simu ya ndani ni "Nimefungwa." Baharia mwenzake wa zamu alikutwa nje ya mlango huo akiwa na nyundo mkononi. Familia ikiwa na malalamiko, iyawasilishe ofisini kwa maandishi.

Karani wa Daftari,
kwa niaba ya Nahodha

Nyumbani, 30 Aprili

Wewe unayeitwa Tangi,

Sikusalimu.

Mdogo wangu alikusifu katika barua zake. Alisema una roho ya mtoto mchanga. Kumbe alikuwa akikaa zamu na mtu ambaye siku ya hatari angemfungia ndani kama panya na kuyapigilia makomeo kwa nyundo ili yeye apone. Umepona. Hongera.

Nataka ujue ulichofanya katika nyumba hii. Mama hataki mlango wowote ufungwe. Wa mbele, wa jikoni, wa kabati la vyombo, yote iko wazi kutwa nzima. Mtu akiusogeza mmoja hata kidogo, Mama anasimama: "Muacheni atoke." Anasema mwanawe amekufa akigonga, na yeye anamsikia. Mpaka lini atamsikia, sijui. Ningeweza kuvumilia kwamba amekufa, vita vinaua. Kwamba alikufa akiomba afunguliwe na mtu aliyemwamini akamsikia tu, hilo siliwezi, na Mama haliwezi.

Nimewaandikia wakubwa wako kurasa sita. Nimetaka ushtakiwe kwa kuua. Sijaacha nukta wala mkato.

Dada yake

Mahabusu ya Jeshi, 11 Mei

Dada yake Pini,

Shikamoo, hata kama hutaitikia.

Mimi si mtu wa kuandika. Nitaeleza kama ilivyokuwa, wewe utaamua.

Ilikuwa saa nne asubuhi, kengele ikalia. Tuliposikia mshindo, tano na sita tulishazifunga, na nane. Saba ndiyo iliyobaki, kwa sababu Pini alikuwa ndani akijaribu kuiwasha pampu. Maji yalikuwa magotini. Mshindo ule uliyapinda makomeo yote ya upande wa nje, upande wangu. Ya ndani yalikuwa mazima. Pini akachungulia mlangoni, akayatazama makomeo, akanitazama mimi. Akasema, "Tangi, kalete nyundo kubwa tuyanyooshe." Akasema hivyo kama mtu anayeomba chumvi.

Nyundo hukaa hatua kumi na mbili kutoka pale. Nikakimbia. Nilipoishika tu nikasikia komeo la kwanza. Unajua sauti yake, au hujui, ni kama sufuria kubwa ikianguka. Nikageuka, nikasikia la pili, la tatu. Nilipofika mlangoni yalikuwa yote manane. Alijua hayanyooki yale. Mimi ndiye mjinga niliyeamini.

Niliupiga mlango kwa nyundo nikimwita. Niliupiga ili afungue. Waliokuja walinikuta napiga, kila mmoja akaona alichoona. Bandarini walilazimika kuukata mlango kwa moto ili kumtoa, na sasa ni chuma chakavu, hauwezi kusema ulifungwa upande gani.

Hilo neno la kwenye simu silielewi. Sikuisikia simu. Najua tu kwamba hakugonga. Nilibandika sikio langu pale, dada, nikangoja agonge, hata mara moja. Hakugonga.

Kesi yangu ni tarehe 14 Juni. Wanasema barua yako ndiyo iliyoisukuma. Sikulaumu, ningekuwa wewe ningeandika kurasa kumi. Ila naomba umwambie Mama kwamba hakuwa akigonga. Hilo tu.

Tangi

Nyumbani, 17 Mei

Kwa Karani wa Daftari,

Salamu. Mimi ni dada wa marehemu. Nina barua mbili juu ya meza, moja ni yako na nyingine ni ya mshtakiwa, na haziwezi kuwa za kweli zote mbili. Mdogo wangu ninayemjua hakuwahi kufunga mlango maishani mwake mpaka aambiwe mara tatu. Sasa naambiwa aliufunga mmoja akiwa ndani. Sijui nimwamini nani.

Mama yangu ametoa neno jana, la kwanza tangu wiki iliyopita. Amesema: "Mtoto wangu alikuwa mpayukaji. Hawezi kufa kwa neno moja. Nataka maneno yake yote."

Kwa hiyo naomba nakala. Usichukue kwenye karatasi ya taipu, chukua kwenye daftari lenyewe, kama ulivyoandika saa ileile kwa mkono wako, na makosa yake yote. Usinionee haya. Makosa ndiyo kazi inayonilisha.

Dada wa marehemu

Ofisi ya Jeshi la Majini, 26 Mei

Dada,

Pole sana na msiba. Sikupaswa kujibu kabla ya kesi, lakini mama akitaka maneno ya mwanawe ni vigumu kumnyima.

Nilikuwa juu na Nahodha. Alikuwa amesimamisha meli, kwa sababu ikienda mbele huku mlango mmoja uko wazi, maji yanasukumwa ndani kwa nguvu. Meli za nafaka zilikuwa zinatusubiri, na adui alikuwa anatutafuta. King'ora kinalia, injini inanguruma, simu inakwaruza. Saa nne na dakika kumi na tisa simu ya chumba cha saba ikaita. Daftari langu linasema hivi, herufi kwa herufi:

"Nimefungwa. Ambie waende."

Basi, ikakatika. Nilimwambia Nahodha mlango wa saba umefungwa, akaamuru injini zote mbele, tukaenda.

Hilo "ambie" ni kosa langu. Afisa wa uchunguzi alisema nimeacha herufi, nilikusudia "mwambie", yaani marehemu alitaka Nahodha aambiwe. Nikairekebisha kwenye nakala ya taipu. Kwenye daftari iko vilevile. Niliandika nilichosikia, dada. Naapa.

Karani

Nyumbani, 1 Juni

Karani, mdogo wangu,

Nakuita mdogo wangu kwa sababu leo nimekupenda. Ungekuwa umenitumia nakala ile safi, iliyosahihishwa, mtu asiye na hatia angeozea gerezani. Asante kwa kosa lako. Sijawahi kumwambia mtu hivyo katika maisha yangu yote ya kazi.

Sasa nisikilize. Neno la kwanza. Mtu akifungiwa chumbani na mwenzake hasemi "nimefungwa." Anasema "nimefungiwa." Aliyefungwa yuko jela, au ni timu ya mpira iliyolala mabao matatu. Mdogo wangu alikuwa akikosea vituo na mikato, lakini Kiswahili alikinyonya kwa mama yake kama wewe.

Neno la pili ndilo lililonifanya niinuke kwenye kiti. "Ambie." Angesema "ambia" ningenyamaza, maana mitaani watu wanasema hivyo. Lakini "ambie", yenye e mwishoni, haijawahi kutembea peke yake. Lazima ibebe mtu mgongoni: niambie, mwambie, tuambie, waambie. Yule afisa aliona hilo, akambebesha mtu wa kubuni. Mimi nikajiuliza, mtu wake halisi ameangukia wapi?

Nikaenda kiwandani, kwenye kasha la herufi za risasi za kupigia chapa. Nikayapanga maneno yako kwenye fremu bila nafasi na bila nukta, kwa sababu sikio halisikii nukta, nukta uliiweka wewe. Nikayasoma kwa sauti, haraka, mashine ikinguruma nyuma yangu. Nikarudia. Fundi wa mashine akauliza kama nina homa. Nikamwambia, ndugu yangu, nyamaza, mdogo wangu anaongea.

Hiyo "wa" uliyoipachika mwisho wa neno la kwanza si yake. Ni ya neno la pili, na ile a ya mwisho ya "nimefunga" ilimezwa na haraka. Uliikata pabaya. Irudishe kwao:

"Nimefunga. Waambie waende."

Hakuwa analalamika. Alikuwa anatoa taarifa. Nimefunga, kazi imekwisha, waambie waende. Na nyinyi mlikwenda!

Najua mahakama haitamsikiliza mwanamke wa kiwanda cha chapa aliyeandika kurasa sita kinyume cha hizi. Basi msinisikilize mimi, sikilizeni simu. Mwambieni baharia yeyote akae chumba kingine, washeni injini, ayaseme maneno haya kwa haraka ya mtu aliye majini mpaka kifuani. Wewe andika unachosikia. Nakuomba uipeleke barua hii kwa mwenyekiti wa mahakama kwa mkono wako, ingawa inakuumbua wewe mwenyewe.

Dada wa marehemu

Nyumbani, 1 Juni

Tangi,

Marahaba. Ile ya mwezi uliopita nilikuwa sijaiitikia.

Nimekukosea. Sitatafuta neno laini zaidi ya hilo. Niliuwasha moto huu kwa kalamu yangu na sasa nahangaika na ndoo. Karani atakueleza nilichokiona. Mama sijamwambia. Siwezi kumpa halafu mahakama ije imnyang'anye. Milango bado iko wazi.

Kama itashindikana, ujue kuna mtu mmoja anayejua kwamba uliipiga ile nyundo ili afungue. Na kwamba ulibandika sikio pale. Asante kwa kubaki naye.

Dada yake Pini

Bandarini, 15 Juni

Dada,

Shikamoo! Niko nje! Naandika nimekaa kwenye ngazi ya ofisi na watu wananipiga mgongoni, usijali mwandiko.

Ngoja nianze mwanzo. Mwenyekiti wa mahakama ni mzee mwenye miwani, hacheki. Karani akasimama na barua yako. Akasema, "Mheshimiwa, huenda mimi ndiye niliyekosea." Wakaisoma barua yote kwa sauti, hata ile ya timu iliyolala mabao matatu, na mtu mmoja nyuma akacheka akakohoa kujificha. Mwendesha mashtaka akasema haya ni mambo ya shuleni. Mwenyekiti akasema, "Shuleni ndiko tulikojifunza kusoma. Leteni simu."

Wakaleta simu nne za meli na jenereta, wakaiwasha pale pale barazani mpaka madirisha yakawa yanalia. Wakachagua baharia ambaye hakuwepo siku ile, wakampa karatasi, wakamfungia chumba cha tatu. Karani akageuziwa uso ukutani. Na mwenyekiti akatia makali: akaagiza makarani wengine wawili wakae naye, wasiojua lolote la kesi, waliotolewa ofisi ya pili asubuhi ile. Kila mmoja na simu yake kwenye waya mmoja.

Yule baharia akasema mara moja tu. Wakaandika.

Mwenyekiti akazisoma. Ya kwanza: "Nimefungwa. Ambie waende." Ya pili: "Nimefungwa ambieni waende." Ya tatu aliitazama kwa muda, akavua miwani. Karani huyo wa tatu hakukosea, alikuwa na masikio mazuri. Imeandikwa: "Nimefunga. Waambie waende." Akamwita yule baharia atoke na karatasi yake, akaiweka kando ya ile ya tatu. Zilikuwa sawa, herufi kwa herufi.

Dada, pale ndani tulikuwa karibu meli nzima, waliruhusiwa kuja. Hakuna aliyetoa amri. Koplo alisimama kwanza, kisha mafundi wa injini, kisha wote, mia na zaidi, viti vikapiga kelele. Nahodha naye akasimama. Wakati huo mimi nilikuwa nalia, mtu wa mwili wangu, kamasi na kila kitu. Karani alikuwa analia kuliko mimi.

Nahodha akaomba daftari. Akayafuta maneno ya karani kwa mstari mmoja, akaandika yale sahihi juu yake kwa wino mwekundu, akatia sahihi, na sisi sote tukaona. Halafu akasema mbele ya watu, "Nilidhani siku ile nilitoa amri mimi." Ameagiza chumba cha saba kipewe jina la Pini, na kila kuruti anayeingia melini apelekwe pale kwanza. Nimepewa kazi ya kuwaeleza. Mimi, nisiyejua kuongea!

Mpe Mama sasa. Mpe yote.

Tangi

Nyumbani, 24 Juni

Mwanangu Tangi,

Anayeandika ni binti yangu, lakini anayeongea ni mimi, na nimemkataza asisahihishe. Nimemwambia akibadilisha hata neno moja nitajua.

Alinisomea barua yako jikoni. Nilimwambia arudie yale maneno. Akarudia. Nikamwambia tena. Mara ya nne nikamwambia inatosha, nimemsikia. Ni yeye. Hiyo ndiyo sauti yake ya kukimbia na maneno, nusu anayameza. Tangu alipoanza kuongea alikuwa hivyo, tulikuwa tunamwambia taratibu, utajing'ata. Kugonga kule sikusikii tena. Milango nimewaachia wafunge, maana vumbi lilikuwa limetumaliza.

Nimelia, usidhani sikulia. Mwanangu hayupo na hakuna daftari la kumrudisha. Lakini nililia nimesimama, halafu nikajifunga kanga mpya, nikatoka. Nimepita nyumba kwa nyumba. Yule jirani aliyekuwa anauliza kama anapiga mizinga, nimekaa kwake saa mbili, na chai akapika mwenyewe. Kule kiwandani fundi wa mashine amechapa karatasi kubwa yenye maneno yale, herufi kama ngumi, na kila anayepita anasoma kwa sauti. Mwanangu anaongea mji mzima.

Uje. Sisemi ukipata nafasi, nasema uje. Huyu binti anaona haya kukutazama usoni kwa yale aliyokuandikia, mtazoeana, hakuna aliyekufa kwa haya. Nimesikia unakula kwa niaba ya watu watatu. Nitapika kwa niaba ya watano. Na huyo karani mje naye, aache kulia, mwambie mama yake mwingine amesema.

Sasa neno langu kwa wenzako, uwaambie hao mia na zaidi waliosimama.

Yule alikuwa kitinda mimba wangu. Kitinda mimba mnamjua kazi yake, ni kutumwa. Kalete kiberiti. Kamwite mjomba wako. Rudisha sufuria ya watu. Kila mwenye mdomo katika nyumba hii alimtuma, na dada yake huyu ndiye aliyezidi, haya, aandike na hilo. Akaenda jeshini, huko nako akatumwa na koplo, na koplo wa koplo. Hakuwahi kuwa na mtu chini yake wa kumwambia hata lete maji ya kunywa.

Basi siku moja mwanangu naye akatuma watu. Akawatuma mia moja sitini na watatu kwa mpigo, nahodha wao akiwemo, na meli nne za chakula nyuma yao. Wala hakuna aliyemuuliza, wewe nani. Walikwenda.

Mimi, mama yake